Taa za mbele zimefifia: usugue kioo, ununue taa nyingine, au uweke LED?

“Fundi, hizi taa hazioni. Niwekee LED.”

Karibu kila wiki kuna anayeingia na maneno hayo, na aghalabu balbu ameshazinunua, ziko kwenye mfuko juu ya kiti cha abiria. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Malindi. Probox, Noah, Fielder, pikapu za kwenda Marafa na Marereni, teksi zinazowahi uwanja wa ndege Mombasa saa tisa usiku, zote napokea, na malalamiko ni yale yale. Kabla sijagusa boneti humwomba mwenye gari asimame nami kwa mbele, aziangalie taa zake usoni. Mara nyingi hapo hapo hunyamaza. Taa imeingia mtoto wa jicho. Kioo kimekuwa cha manjano, kina ukungu, na ukipitisha kidole kinakwaruza kama ngozi ya papa.

Mtu huyu hana shida ya balbu. Akiweka LED nyuma ya kioo kile, ule ukungu utautawanya mwanga huku na huku. Mwingine utapanda juu umpige machoni dereva anayekuja, na barabara yake itabaki giza vile vile. Kwa hiyo ulinganisho huu hauanzi na balbu. Unaanza na pale mwanga unapopotelea, kwa sababu fedha inayowekwa mahali pasipo na tatizo imekwenda.

Mwaga maji kwanza

Chukua kikombe cha maji, mwagia kioo cha taa, kisha chungulia kabla hakijakauka. Kikiwa safi kwa hizo sekunde chache, ukungu uko nje na msasa utautoa. Kikibaki na ukungu vile vile kikiwa kimelowa, uchafu uko ndani, au plastiki yenyewe imeoza katikati, na hapo kusugua nje ni kujichosha. Kipimo hiki hakigharimu senti, na kingewaokoa watu wengi niliowaona wakisugua taa mpaka mikono ikafa ganzi.

Kinachoitwa kioo hapa si kioo. Ni plastiki ngumu, polikaboneti, ambayo ilianza kuenea kwenye taa za magari miaka ya 1980. Kiwandani hupakwa ngozi nyembamba ya kuizuia miale ya jua isiiguse plastiki yenyewe. Sasa hesabu: Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua la mchana linatusimamia utosini mwaka mzima. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa mitumba, na Kenya inaruhusu gari liingie likiwa na umri wa hadi miaka 8. Kwa hiyo ile ngozi huwa imeshaliwa miaka kadhaa kabla gari halijashuka bandarini, kisha sisi tunaimalizia na jua letu, mchanga wa barabara, na chumvi ya upepo wa baharini tunayoifuta kwa kitambaa kikavu asubuhi. Hiyo ya kitambaa kikavu inaniuma kila nikiiona. Chumvi na mchanga ni msasa. Mwagia maji kwanza, ndipo ufute.

Kuna gari moja lililonifundisha jambo. Taa ya kulia ilikuwa ya manjano iliyokolea, ya kushoto karibu safi. Mwenyewe alidhani ya kushoto iliwahi kubadilishwa. Nilipomuuliza analaza wapi gari, ikawa ni chini ya mwarobaini, na kivuli cha mti kinaangukia upande wa kushoto tu. Miaka minne ya kivuli cha mwarobaini ilikuwa imefanya kazi kuliko dawa yoyote ya dukani. Wanaokwenda Lamu nao nawaambia: gari linabaki Mokowe wiki nzima au zaidi wakati wewe uko kisiwani, basi lifunike pua kwa shuka jeupe kuukuu kabla hujapanda boti.

Kusugua au kubadilisha taa nzima

Hapa ndipo fedha ilipo, na hapa nitakaa zaidi.

Chama cha madereva cha Marekani, AAA, kilipima jambo hili mwaka 2018. Taa zilizochakaa zilitoa asilimia 22 tu ya mwanga wa taa mpya. Ziliposuguliwa vizuri zilirudi kama asilimia 70. Kuweka taa mpya ya kiwanda kilichotengeneza gari kulirudisha mwanga wote, na taa mpya za viwanda vingine zilifika kati ya asilimia 83 na 90. Nazitaja namba hizi kwa sababu zinakubaliana na ninachokiona ukutani kila jioni: kusugua hakukurudishii taa ya siku ya kwanza, lakini kunakutoa kwenye upofu, na kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya bei ya taa.

Ila kuna kusugua na kusugua.

Dawa ya meno inafanya kazi kwa siku chache. Ina chembe laini za kukwaruza, inaondoa njano ya juu juu, taa inang'aa, unafurahi. Lakini hujarudisha ngozi ya kuzuia jua, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa njano inarudi, tena kwa kasi kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa plastiki iko uchi. Kama unauza gari kesho, hayo ni yako na mnunuzi. Kama unaliendesha wewe, usijidanganye.

Dawa ya mbu ya kujipaka ni mbaya zaidi. Ile yenye dawa iitwayo DEET inayeyusha uso wa plastiki, ndiyo maana kioo kinaonekana safi papo hapo. Kinachoyeyuka leo kitapasuka vipasuko vidogo vidogo baadaye, na vipasuko hivyo havisuguliki. Hata ule mtindo wa kikombe cha mvuke, ambapo dawa nyingine ya kuyeyusha plastiki huchemshwa na moshi wake kupitishwa juu ya taa, ni uyeyushaji ule ule, na moshi wenyewe ni sumu kwa anayeuvuta. Sitaki hata kuufanyia majaribio kwenye gereji yangu.

Kazi yenyewe ni ya msasa wa maji, subira na klia, ile rangi angavu ya kumalizia. Osha taa kwa sabuni. Zungushia tepu ya karatasi rangi ya gari isikwaruzwe. Kama njano imekolea, anza na msasa namba 800; kama ni hafifu, anza na 1000. Msasa uwe umelowa muda wote, na taa imwagiwe maji muda wote. Mwanzoni yatatiririka maji ya manjano kama ya tambi za dengu, hiyo ni ile ngozi iliyokufa inatoka. Usihame namba mpaka maji yatoke meupe. Kisha 1500, kisha 2000, kisha 3000, kila namba ukisugua kwa mwelekeo tofauti na uliotangulia, ili uione mikwaruzo ya namba ya kwanza ikifutika kabla hujaendelea. Baada ya 3000 taa itakuwa na weupe wa maziwa, na hapo wengi huingiwa na hofu kwamba wameiharibu. Subiri. Polishi ya magari na kitambaa laini vitautoa huo weupe.

Wengi huishia hapo, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa, kisha pulizia klia ya magari, ile wapaka rangi wanayomalizia bodi, tena iwe ya kuzuia miale ya jua. Hii ndiyo ngozi mpya. Bila klia umenunua miezi michache. Ukiwa na klia nzuri umenunua mwaka mmoja au miwili, kwa hali ya hewa yetu. Mambo mawili kuhusu klia: ile ya kuchanganya na dawa ya kukaza ni hatari kwa mapafu, vaa barakoa ya wapaka rangi, maana kile kitambaa cha mdomoni hakizuii kitu. Na usiipulize kaskazi inapovuma, mchanga utaganda juu yake. Mimi hufanya asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka.

Sasa upande wa pili, kubadilisha taa nzima. Hapa una njia mbili na wauzaji hawapendi kuzitofautisha.

Ya kwanza ni taa ya mtumba kutoka Japani. Ni taa halisi, kioo chake cha ndani kinachorudisha mwanga kimepigwa vizuri, na inakaa kwenye nafasi yake bila kulazimishwa. Angalia maandishi madogo kwenye kioo: Koito, Stanley na Ichikoh ni watengenezaji wa Kijapani wanaozitengenezea kampuni za magari taa zao. Pembeni ya jina kuna namba. Ya kulia na ya kushoto ziwe na namba moja, la sivyo utapata taa mbili zinazofanana sura na kutofautiana mwanga. Kubwa zaidi, ifungue kizibo cha nyuma uchungulie ndani kwa tochi ya simu. Nimeona taa yenye kioo safi kama maji ya kisima huku fedha ya ndani, yaani ule mng'ao wa kioo cha kurudisha mwanga, imebabuka, imekuwa ya kijivu. Kioo unaweza kukisugua. Fedha ya ndani ikishababuka hairudi, na taa hiyo haitaona hata uweke balbu ya aina gani. Mtumba uliosuguliwa dukani ili uvutie nao upo. Uguse kwa ukucha karibu na ukingo, mahali msasa usipofika vizuri, utaiona njano imejificha.

Ya pili ni taa mpya ya kuiga. Kioo kipya, ngozi mpya, inapendeza. Zile za viwanda vinavyojulikana, kama Depo ya Taiwan, ni za kuaminika kiasi. Zile zisizo na jina hata moja juu yake nimezikataa mara nyingi: mpaka wa mwanga haueleweki, sikio la kufungia boliti linavunjika mapema, na mpira wa kuzunguka kioo hauzibi sawasawa, kwa hiyo masika ya kwanza tu zimejaa maji kama dafu.

Kati ya hizi, mimi huanza na kusugua isipokuwa mambo matatu yatokee: kioo kimepasuka, fedha ya ndani imebabuka, au kipimo cha maji kimeonyesha ukungu wa ndani. Hapo nunua taa, na ikiwezekana mtumba halisi uliokaguliwa kuliko mpya isiyo na jina. Jambo dogo: ukungu mwepesi unaoingia usiku wa mvua na kukauka baada ya taa kuwaka nusu saa si ugonjwa, taa zina vitundu vya kupumulia. Maji yaliyotuama chini ya taa ndiyo ugonjwa.

Wenye Land Rover za zamani na taa zao za duara za kioo halisi, haya ya msasa hayawahusu. Kioo chenu hakigeuki manjano. Kinachowala ninyi ni kutu ya ndani.

Halojeni, LED, na zile za zenoni

Balbu ya halojeni ni uzi wa tungsteni ndani ya kioo kidogo cha kwatzi chenye gesi. Gari nyingi ndogo za Japani, Probox za kizazi cha kwanza zikiwemo, hutumia H4, balbu moja yenye nyuzi mbili: wati 60 kwa fuli, mwanga wa mbali, na 55 kwa dimu, mwanga wa karibu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho kinachokata mwanga usipande juu. Itoe balbu ya zamani uishike kwenye jua uione: kila kitu kimepimwa kwa milimita, na taa yote, umbo lake na mikunjo yake, imechongwa kuufuata uzi uliopo mahali pale.

Sasa LED ya kubadilishia. Haina uzi, ina vibapa vidogo vilivyobandikwa pande mbili za kijiti. Mwanga wake unatokea pengine kidogo, na una umbo jingine. Ikiwa mtengenezaji ameipima vizuri, itakaribia. Ikiwa hakuipima, na nyingi hazikupimwa, utaona mwanga mweupe mkali mbele ya bampa, utaona mwanga kwenye matawi ya minazi, na katikati, pale mtu anapotembea mita 50 mbele yako, kuna kivuli. Macho yanadanganyika na ule ukali wa karibu. Dereva anasema, “Sasa naona!” Lakini anachokiona ni lami ya mita 15 za kwanza, na ukienda kilomita 80 kwa saa unakula mita 22 kila sekunde.

Sisemi LED ni mbaya. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED, ambapo taa nzima imechongwa kwa ajili yake, linaona vizuri sana. Hata za kubadilishia zina faida za kweli: zinakula umeme kama nusu ya halojeni, hivyo alteneta iliyochoka, ile inayochaji betri, inapumua, na haziungui kirahisi kwa mitikisiko ya njia ya vumbi ya kwenda Marafa. Zikikaa kwenye taa yenye projekta, ile yenye jicho la duara kama gololi ndani, madhara ya kumpofusha mwenzako yanapungua, kwa kuwa projekta ina ukuta wake wa kukata mwanga.

Lakini kwa pwani yetu kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Mwanga wa LED hautoi joto mbele, joto lote linarudi nyuma kwenye feni ndogo au mapezi ya chuma. Mara nyingi mkia huo ni mrefu, kizibo cha mpira cha nyuma ya taa hakifungi tena, na fundi mwenye haraka anakikata au anakitupa. Taa sasa iko wazi. Hewa ya chumvi inaingia, na fedha ya ndani, ile niliyosema ikibabuka hairudi, inaanza kuliwa. Feni nayo inavuta vumbi mpaka inakwama, na LED isiyopoa inafifia kidogo kidogo bila mwenyewe kujua. Nimefungua taa za namna hii baada ya mwaka mmoja. Unaikuta fedha ina madoa kama ya ukoma wa chuma, na taa nzima inakwenda jalalani kwa sababu ya kizibo.

Kwa hiyo ukiweka LED, dai zenye mkia mfupi unaoruhusu kizibo kirudi. Hilo lisipowezekana, bora halojeni.

Kuhusu rangi: zenye weupe wa kibuluu, zinazoandikwa 6000K na kuendelea (K ni kipimo cha rangi ya mwanga, ikipanda mwanga unaelekea buluu), zinapendeza kwenye picha. Macho ya mtu anayekuja yanaumizwa zaidi na mwanga wa kibuluu, kwa wingi ule ule wa mwanga. Halojeni iko karibu 3200K, manjano ya kirafiki. Ukilazimika kuchagua LED, tafuta ya 4300K au 5000K.

Zile za zenoni, HID, sitazisema sana. Zina mwanga mwingi kweli, wati 35 zinaipita halojeni mara mbili, lakini zinahitaji kisanduku cha kupandisha umeme hadi maelfu ya volti kuziwasha, zinachukua sekunde kadhaa kukolea, na zikiwekwa kwenye taa iliyochongwa kwa halojeni zinapofusha barabara nzima. Gari lililokuja nazo, zitunze. Lisilokuja nazo, achana nazo.

Na zile halojeni za wati 100? Zamani nilizifunga, siku hizi sifungi. Wati 60 kwa volti 12 ni ampea 5. Wati 100 ni zaidi ya ampea 8 kwenye waya ule ule mwembamba. Soketi inayeyuka, kioo cha ndani kinababuka, na mara nyingine harufu ndiyo inayokuambia kwanza. Ukitaka halojeni yenye nguvu zaidi, nunua ya wati zile zile ya jina linaloaminika, Philips au Osram halisi, zilizoandikwa zinatoa mwanga zaidi. Zinaishi muda mfupi kidogo, hiyo ndiyo bei yake.

Halojeni usiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaacha doa linalopata joto kuliko sehemu nyingine, na balbu inapasuka mapema. Ukiishika kwa bahati mbaya, futa kwa spiriti. Na badilisha mbili kwa pamoja, kwa sababu zimeishi maisha mamoja.

Waya, mwizi asiyeonekana

Kuna gari la mama mmoja mwalimu lililoletwa kwangu likiwa limebadilishwa balbu mara tatu. Upande wa kushoto uliwaka kama kibatari. Nilichomeka mita: kwenye betri volti 14, kwenye soketi ya balbu, taa ikiwa imewaka, volti 11 na kidogo. Volti karibu tatu zilikuwa zinaliwa njiani. Waya wa athi, ule unaofungwa kwenye bodi karibu na taa, ulikuwa na uji wa kijani na mweupe chini ya skrubu. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikafunga upya, nikapaka grisi. Alipowasha, akatoka garini akaja mbele kuangalia, akasema, “Mwanangu, hii ndiyo taa yangu?”

Hakununua kitu. Ndiyo maana kipimo hiki nakifanya kabla ya kuuza chochote. Volti zikipungua asilimia 10, mwanga wa halojeni hupungua karibu theluthi nzima. Tofauti ya betri na soketi ikizidi nusu volti, tafuta kutu: athi kwanza, kisha soketi, kisha miguu ya fyuzi na rilei, ile swichi ya umeme inayoamriwa na swichi ya dereva. Chumvi yetu inapenda shaba.

Kwa anayetafuta hitilafu mwenyewe njiani: taa moja ikizima, ni balbu au soketi au fyuzi ya upande ule. Zikizima zote mbili za dimu na fuli ikawaka, wengi hukimbilia swichi. Lakini zitoe balbu uzitazame kwanza, kwa sababu mara nyingi moja ilikufa zamani na hukuigundua mpaka ya pili ilipoifuata. Taa zinazofifia gari likisimama na kung'aa ukikanyaga mafuta, hizo zinakuambia habari ya alteneta, mkanda au betri, na kubadilisha balbu hakutasaidia.

Kulenga: kazi ya dakika kumi ambayo karibu hakuna anayeifanya

Kila taa ikifunguliwa, ikibadilishwa, au gari likigongwa pua, mlengo unahama. Tafuta ukuta na sakafu tambarare. Mimi natumia ukuta wa nyuma wa ghala, jua likishazama. Gari liwe na dereva ndani na mafuta kiasi. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya balbu, uuweke alama ya chaki ukutani kwa kila taa. Rudisha gari nyuma mita 5. Washa dimu. Kwa gari dogo la kawaida, mpaka wa mwanga, pale nuru inapokatika na giza kuanza, uwe sentimita 5 chini ya alama. Na kwa kuwa tunaendesha kushoto, mpaka ule unapanda kidogo upande wa kushoto, ukingoni, ili umwone mtu wa miguu. Magari ya Japani yanakuja hivyo tayari. Ukinunua taa iliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia, utauona mpaka unapanda kulia, moja kwa moja kwenye macho ya anayekuja. Hiyo irudishe dukani, hakuna skrubu ya kuirekebisha.

Mpaka huu pia ndio hakimu wa LED yako. Ukiweka LED, ukawasha ukutani, ukaona mpaka umekatika safi kama ulivyokuwa na halojeni, umepata nzuri. Ukiona wingu la mwanga limepanda juu ya alama, jaribu kuizungusha ile balbu mpaka vibapa vitazame kulia na kushoto, si juu na chini. Ikikataa bado, rudisha halojeni yako siku hiyo hiyo, usiingie nazo barabarani.

Na lile gurudumu dogo karibu na usukani, lenye 0 hadi 4 au 5, si pambo. Probox ikibeba magunia ya maembe nyuma, pua inainuka na taa zinatazama nyota. Zungusha gurudumu kuelekea namba kubwa, taa zishuke. Ukishusha mzigo, rudisha 0. Barabara ya Kilifi usiku, kwenye ule msitu wa Arabuko-Sokoke kuanzia Gede, kuna watu wanaosukuma baiskeli zilizojaa madafu bila hata kimulimuli. Wanaangamizwa na taa zilizopanda za anayekuja zikimpofusha anayekwenda.

Sasa chagua

Mtu wa mjini, anayeendesha kati ya Shella, Maweni na Muyeye, na usiku mara chache: sugua kwa klia, safisha athi, lenga. Balbu za halojeni mpya za wati zile zile zinakutosha kabisa. Usinunue kingine.

Dereva wa teksi wa safari za Mombasa za usiku, kama kilomita 120 kila upande: kama kioo ni cha zaidi ya miaka kumi, usipoteze muda kurudia msasa kila mara. Tafuta taa mbili za mtumba halisi zenye namba moja, uzipulizie klia mapema kabla hazijachoka, uweke halojeni nzuri. Hesabu inarudi haraka kwa mtu anayeishi kwa taa zake.

Mwenye pikapu anayevuka daraja la Sabaki kwenda Mambrui, Marereni hadi Garsen: wewe nitakukubalia LED, kwa sharti taa yako iwe na projekta, kizibo kirudi, na mpaka ukutani uwe safi. Kama taa yako ni ya rifulekta ya kawaida, yenye kioo cha kurudisha mwanga tu bila projekta, fanya jambo jingine ambalo lina faida kuliko LED: fungiwa rilei na waya mnene moja kwa moja kutoka betri, swichi iwe ya kuamuru tu. Halojeni ile ile ikipata volti zake zote utashangaa.

Mwenye gari lililogeuka manjano na ambaye mfuko umekauka mwezi huu: msasa wa 1000 na 2000, maji, na polishi ya nta uipake kila baada ya wiki mbili badala ya klia, mpaka utakapoweza. Ni kazi zaidi, lakini inashikilia. Anza kabla ya Desemba, maana jua la kaskazi ndilo linalomalizia taa zilizoachwa uchi, kisha gari lilaze pua upande wa kivuli.